Kengele ya Mkwe Wangu

Jina lake sitaliandika. Msinione mjanja wa kuficha kitu ili mtu akitamani. Kwetu Unyakyusa mkamwana hataji jina la baba mkwe, na huyu ni baba mkwe wangu. Si yule aliyemzaa mume wangu, huyo tulimzika zamani. Huyu ni mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba, aliyenizidi miaka sita tu. Lakini kwa mila ndugu wote wa baba mkwe ni baba mkwe. Hata angekuwa mtoto wa kunyonya ningemkimbia.

Na uso wake sikuujua. Miaka hamsini na miwili nimekuwa mkamwana wake, na mtu angeniuliza ni mweupe au mweusi, ana ndevu au hana, ningemjibu kaulize wengine. Mimi nilimjua kuanzia magoti kwenda chini. Basi nitamweleza kuanzia hapo.

Miguu myembamba, mishipa imetuna. Muundi wa kushoto una kovu refu, nadhani ni la jembe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kamba, amevitia soli ya tairi juu ya soli ya dukani. Alivipaka rangi kila asubuhi, hata msimu wa mvua, na anayeijua Tukuyu anajua kwamba mvua ya kule haina msimu. Kisha anatembea kwenye tope anachagua pa kukanyaga kama jogoo. Nilimjua pia kwa kikohozi. Anakohoa mara mbili, ananyamaza, halafu mara ya tatu kama mtu anayeuliza swali.

Na nilimjua kwa kengele.

Alikuwa na baiskeli yenye kengele kubwa ya chuma. Akifika kwenye kona ya migomba, kabla ya nyumba yetu, anaipiga mara mbili. Kriing, kriing. Maana yake: mkamwana, napita, jifiche. Watu walimsifu. "Mkwe wako ana adabu, anakupa taarifa. Wengine wanakutokea tu kama ng'ombe." Na mimi mwanzoni nilishukuru. Nikisikia kriing, kriing, naacha njia. Nimeingia mtaroni na mkungu wa ndizi kichwani. Nimeingia kwenye shamba la kahawa nikatoka na siafu. Siku moja niliingia kwenye choo cha jirani nikamkuta mwenyewe ndani. Tukasalimiana.

Na jina lake sasa. Jina la nyumbani, alilopewa na mama yake, si lile la ubatizo ambalo dunia nzima inamwita nalo. Ni neno la kitu kilichomo katika kila jiko, cha tajiri na cha maskini. Neno hilo sikulisema, wala linalofanana nalo, na hata nilipojifunza Kiswahili nikaliruka na kwa Kiswahili. Hapa Mbeya muuza chai alikuwa akinicheka. "Bibi, unataka maji gani?" "Yaliyochemka." "Yaani ya...?" "Umesikia nilivyosema." Kanisani mchungaji akisoma habari za jehanamu, mimi niliitikia kwa kuguna.

Hayo yote nilifanya kwa ajili ya mtu mmoja mwenye viatu vya kamba. Nataka mkumbuke hilo tunapoendelea.

Alihamia Iringa zamani, akajenga huko, akazaa huko, akastaafu huko. Mimi nikabaki, mume akafariki, nikahamia Uyole kwa mjukuu wangu Tusa, binti wa binti yangu wa pili. Miaka mingi sikuisikia ile kengele. Nilijua tu kwamba yuko, kama unavyojua kuna mlima nyuma ya ukungu.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, tumekula, nimekaa jikoni nachambua maharage. Tusa ameegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, anangoja watu wake. Mara kwenye simu: kriing, kriing.

Nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. Kwa umri wangu, kwa magoti haya! Maharage yamemwagika jiko zima. Tusa akainama.

"Bibi, umeanguka?"

"Nimejificha."

"Unajificha nini?"

"Si umesikia kengele!"

Alicheka mpaka akakaa chini na mimi. "Bibi, yuko Iringa! Ni Babu huyo, anafungua mchezo."

Mchezo. Nilitoka chini ya meza nikiwa na hasira, na ile hasira haijanitoka mpaka leo.

Nitawaeleza mchezo wenyewe nilivyouelewa mimi niliyeishia darasa la pili. Ni ngano, lakini haina mtambaji mmoja. Mkwe anashika nchi nzima, yaani milima, wafalme, majitu, mvua. Wengine kila mmoja anashika mtu wake mmoja, na anasema kwa kinywa cha mtu huyo. Ukitaka kufanya jambo la wasiwasi, kama kuruka shimo au kumdanganya askari, unarusha dadu, na dadu lenyewe lina pande ishirini. Namba ikiwa kubwa umefaulu, ikiwa ndogo umeumia. Mshindi hakuna. Nilimuuliza Tusa, "Unaisha lini?" Akasema, "Hauishi, Bibi." Walikuwa mwaka wa tisa.

Walikuwa wanne. Karim ana duka la vipuri Iringa mjini. Mkwe alimfundisha darasa la tano. Yeye ndiye aliyeuleta mchezo, alijifunzia masomoni nje, akaenda kwa mwalimu wake wa zamani akamwambia, wewe ulitufundisha jiografia kama hadithi, shika hii. Tusa alikuwa anasoma chuo Iringa na kulala kwa babu yake, akaingia. Walianza mezani, na chai na karanga. Walipotawanyika wakahamia kwenye simu. Wa nne ni Neema, anasimamia mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa. Huyu Neema mshikeni vizuri. Neema ameolewa na mtoto wa mwisho wa Mkwe. Ni mkamwana wake, kama mimi.

Sasa sikilizeni mkamwana mwenzangu.

"Baba, hilo jitu nimelipiga kichwani, usiniambie nimekosa!"

"Umepata nne, mwanangu. Umepiga mti."

"Mti gani? Si umesema tuko mbugani, hakuna hata kichaka!"

"Sasa upo. Na umekuvunja kidole."

"Baba, wewe ni mwongo!"

Mwongo! Mkamwana anamwita mkwe wake mwongo, na mkwe anacheka kicheko kinachoishia kwenye kikohozi, mara mbili na ile ya kuuliza. Mimi nimeshika ungo. Tusa ananitazama. "Bibi, mbona umenuna?" Nikamwambia maharage yana mawe.

Neema ni Msangu, kwao hawana mambo yetu. Simlaumu. Lakini yeye Mkwe ni wa kwetu.

Nilianza kukaa jikoni kila Jumapili saa tisa. Nilijiambia nachambua maharage. Maharage ya mwaka mzima yaliisha, nikahamia karanga. Ndivyo nilivyomjua Mkwe wangu, kwa masikio, kupitia kopo la sukari.

Alikuwa na misemo. Mtu akilalamikia dadu anasema, "Dadu halina mjomba." Maana yake halipendelei mtu. Wakikimbilia kupigana anasema, "Polepole, nchi haihami." Hakubadilisha sheria hata mara moja. Karim, anayeshika mwizi mwoga kuliko kuku, alimbembeleza siku moja nusu saa nzima arushe tena. "Mwalimu, mara moja tu, kwa heshima ya darasa la tano!" Mkwe akamjibu, "Darasa la tano ulifeli ramani." Alichora ramani za nchi yake nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Tusa anazo, kila mto una jina, kila kijiji kimeandikwa wanalima nini. Alikumbuka kila mtu wa ngano, hata mama muuza pombe waliyekutana naye mara moja miaka minne nyuma. "Mlimwahidi mtarudisha kibuyu chake," anawaambia. "Bado anangoja."

Anamkumbuka mama wa kubuni anayengoja kibuyu. Haya.

Na alichukia wakubwa. Katika nchi yake kila mfalme anayepigiwa magoti huanguka. Watumwa wanafunguliwa, wanawake wanakaa barazani, mtoto anamsahihisha chifu. Anasema kwa sauti nzito, "Katika nchi hii hakuna anayeinama." Mimi nasikiliza, nakumbuka mtaro.

Nitawaambia ya mtaro, kisha ya punda, na ninyi mtaona kwa nini nimeyaweka pamoja.

Binti yangu wa pili, mama yake Tusa, alikuwa hajatimiza mwaka. Homa kali, mwili unachemka, shingo imekakamaa. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, na zahanati ilikuwa mbali, kupanda na kushuka, na mvua inanyesha. Katikati ya njia nikasikia kriing, kriing. Nikaingia mtaroni. Maji yalinifika muundini. Nikavuta kanga usoni, nikaipa njia mgongo, na mgongoni ndipo alipo mtoto. Nikasema moyoni, sasa ataona. Atasimama. Mila haimruhusu kusema na mimi, lakini inamruhusu kusema na mti. Wazee walifanya hivyo siku zote. Angeuambia mgomba, "Mgomba, mfunge huyo mtoto hapa kwenye kiti cha nyuma, nitamfikisha." Ningesikia. Ningefanya.

Alipiga kengele tena. Kriing, kriing. Akapita. Nilisikia magurudumu yanakata maji.

Mtoto alipona. Masikio hayakupona. La kulia halisikii kabisa, la kushoto linasikia nusu. Mpaka leo Tusa akiongea na mama yake kwenye simu majirani wote wanajua habari zetu.

Haya, punda. Karim katika ngano alikuwa na punda aliyembebea mizigo miaka sita. Jumapili moja punda akaanguka kwenye korongo, dadu likatoka mbili, punda akafa. Nikasikia Mkwe ananyamaza. Tusa akauliza, "Babu, upo?" Sauti ikarudi imekatika. "Nipo, wanangu. Tuishie hapa leo. Alikuwa mnyama mwema." Akalia. Mzee mzima alilia kwenye simu kwa sababu ya punda wa maneno.

Nilitoka nje nikapasua kuni mpaka giza.

Mtauliza nami niliingiaje. Niliingia kwa mdomo wangu, kama kawaida. Walikuwa wanataka kuvuka mto. Mkwe akasema maji ni ya kahawia juu, yametulia, katikati yanazunguka polepole. Neema akasema, "Yametulia, tuvuke." Sikuweza. Nimekulia kando ya mto kama huo.

"Msivuke hapo!" nikapaza sauti. "Maji yanayozunguka yana shimo chini. Tafuteni yanapopiga kelele, hapo kuna mawe."

Mkwe akauliza, "Nani huyo?"

Tusa akanitazama. Anaijua mila, nusunusu. Akasema haraka, "Ni mtu mpya wa ngano, Babu. Ni mama mmoja wa kando ya mto. Anaitwa... Bibi Kivuko."

Kikohozi mara mbili. Mara ya tatu. "Karibu, Bibi Kivuko. Mto huo unaujua?"

Nilikaribia kurudi chini ya meza. Lakini nikafikiri hivi: anayeulizwa si mimi, ni Bibi Kivuko. Anayeuliza si Mkwe, ni mwenye mto. Hapa hakuna mkwe wala mkamwana. Kama mkwe anaweza kusema na mgomba nami nikasikia, basi mimi naweza kusema kwa kinywa cha mtu asiyekuwepo. Nikajibu, "Naujua. Umenilea."

Ndivyo nilivyosema na baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza.

Nilicheza miezi kumi na minne. Sitadanganya kwamba sikupenda. Bibi Kivuko alikuwa mkali, anabeba kasia la mvule na kumtandika nalo Karim akiwa anakimbia vita. Karim alikuwa ananiita "Jenerali". Mkwe alinipa mito ya kuvusha. Alinisikiliza. Nikisema upepo huu unaleta mvua, katika nchi yake mvua inanyesha. Lakini kila Jumapili kengele ikilia, magoti yangu yanataka kwenda chini ya meza, nami nayakataza.

Kitu kimoja nilikingoja. Kwa ukoo wetu, baba mkwe akitaka anaweza kumfungua mkamwana. Anampa kitu mkononi mbele ya watu, na tangu siku hiyo wanasalimiana, wanatazamana, wanaitana. Ndugu wengine wawili wa baba mkwe walinifungua, mmoja kwa kuku, mmoja kwa doti ya kanga. Huyu hakunifungua. Nikasema, labda sasa. Labda amenijua kwa sauti, anatafuta njia. Mwanamke anaweza kuwa na miaka sabini na kitu na bado anangoja kuku.

Kikaja kitendawili.

Walifika kwenye daraja, na darajani kuna mlinzi. Mlinzi ni Mkwe, kama walinzi wote. Akasema, "Daraja hili linavukwa kwa jibu moja. Anajibu mkubwa wenu kwa umri, si mwingine. Ataulizwa mara tatu. Akijibu, nitasema pita. Asipojibu, mto ni wake." Kisha akatega: "Mgeni wangu analala majivuni, asubuhi namwamsha kwa pumzi."

Wote walijua. Karim akalipuka pale pale, "Ah, si ni...!" akalitaja. Neema naye akalitaja. Mlinzi akasema, "Sikuwauliza nyinyi. Nauliza mkubwa."

Mkubwa ni Bibi Kivuko.

Nilikaa na neno kwenye ulimi. Neno lile. Jina lake. Ningeweza kumwambia maji ni ya shimo, ningeweza kumwambia mvua inakuja, lakini jina lake ni jina lake, hata likisemwa na mtu wa ngano. Pale pazia lilichanika. Pale alikuwa Mkwe na nilikuwa mkamwana.

"Bibi, jibu!" Tusa ananinong'oneza. "Ni rahisi!"

"Jenerali, tunazeeka hapa!" anasema Karim.

Nikanyamaza. Mlinzi akasema, "Mara ya kwanza." Jumapili iliyofuata akauliza tena. Nikanyamaza. Wiki nzima sikulala vizuri. Nikawaza, ananijua. Ananitega. Anataka nivunje mila yeye akae bila hatia. Au anataka kunifungua na hii ndiyo njia yake. Jumapili ya tatu akauliza, na mimi nikafumba mdomo mpaka meno yakauma.

"Mara ya tatu," akasema. Nikasikia dadu linagonga meza huko Iringa. "Mbili. Daraja linapinduka. Bibi Kivuko amechukuliwa na maji." Akakohoa. "Poleni. Waliobaki, mnafanya nini?"

Mnafanya nini! Kwa punda alilia. Kwa mimi, mnafanya nini.

Nilimwambia Tusa, kata tiketi. Tunaenda Iringa.

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kuuliza."

Njiani nilimweleza, kwa kuzungukazunguka, jina lile ni la kitu gani na kwa nini nilifumba mdomo. Tulifika siku ya pili, saa nne asubuhi. Binti yake mkubwa, aliyezaliwa hukohuko, alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene, mama!" Nikamjibu. Akasema baba yuko sebuleni, miguu imevimba, hatembei sana. Karim alikuwepo, amemletea betri ya redio. Mimi nikabaki kwenye ujia, nyuma ya pazia, nikakaa kwenye kigoda, kanga usoni. Sikuamua. Mwili ulikaa wenyewe.

Tusa akaingia. Nikawasikia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu! Mbona hukusema? Umekuja na nani?"

"Na Bibi."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Anafanya nini huko?"

Nikamsikia Karim anasogeza kiti.

"Si mila, Babu," Tusa akasema.

Kikohozi. Kikohozi. Na ile ya kuuliza. "Mila ipi?"

Nilisikia vizuri. Mila ipi. Masikio yangu mimi ni mazima.

"Ile ya kutoonana na mkwe," Tusa akasema.

"Ile?" Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyekumbushwa wimbo wa shule. "Mbona ile niliiacha! Tangu nilipokuja Iringa. Neema alipoolewa nilimwambia siku hiyohiyo, nyumbani kwangu hakuna kujifichana. Na Bibi yako si tunaongea kila Jumapili? Nilimjua tangu siku ya mto, nani mwingine anajua maji vile? Nikasema, vizuri, na yeye ameacha."

"Hajaacha, Babu."

"Lakini alikuwa anaongea."

"Alikuwa Bibi Kivuko."

"Basi ndiyo maana hakujibu? Mimi nilidhani amechoka na mchezo. Lile swali lilikuwa la mama yangu, alikuwa anatutegea jioni."

"Babu, jibu ni jina lako."

"Jina langu?"

Na hapo, nawaapia, alianza kulitafuta. Nilimsikia. Alikuwa analitafuta jina lake kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Waliokuwa wakimwita hivyo wote wamekufa, mama yake, kaka zake, rika lake lote. Iringa wanamwita Mwalimu, kanisani jina la ubatizo. Duniani alibaki mtu mmoja tu aliyekuwa bado analitunza jina lile, na alilitunza kwa kutolitaja. Ni mimi. Miaka hamsini na miwili nimebeba mzigo wa mtu, na mwenyewe ameshasahau kwamba aliuacha njiani.

Nilisimama. Nikavuta pazia.

Nilimtazama. Ni mweusi. Ndevu hana. Ana masikio makubwa yaliyosimama, masikio ya mume wangu kabisa, na hilo sikulitegemea, karibu linirudishe nyuma. Sikurudi. Nikalitaja jina lake. Sikuita kama anayeita mtu aje. Nililitaja kama unavyotaja kitu chako ulichomkuta nacho mwingine.

Macho yake yakajaa maji. Mdomo ukachezacheza. Halafu akasema, polepole, kwa sauti ile ya mlinzi wa daraja, "Pita."

"Nimeshapita," nikamwambia. "Nilipita mtaroni, mvua inanyesha, nina mtoto mgonjwa mgongoni. Wewe ukapiga kengele."

Aliinamisha kichwa. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anatazama miguu yangu.

"Nilikuona," akasema. "Na mtoto nilimwona. Nilidhani kupita haraka ndiyo heshima."

"Mtoto yule hasikii."

"Najua."

"Unajua. Na punda ulimlilia."

Karim alikuwa anatazama betri ya redio kama hajawahi kuona betri. Mkwe akamwambia binti yake akalete kitenge kabatini, kile kipya, amfungue mkamwana wake kama inavyotakiwa. Nikasema sitaki kitenge. Wala kuku. Mezani karibu na kiti chake, juu ya ramani, palikuwa na ile kengele ya baiskeli. Imechakaa, chuma kinang'aa pale kidole kinaposhika.

"Nipe hiyo."

"Kengele ya mchezo?"

"Kengele yangu."

Aliichukua kwa mikono miwili akaniwekea mkononi mbele ya watu. Ilikuwa nyepesi. Miaka yote nilidhani ni nzito.

Karim, maskini, akataka kufurahisha watu. "Basi Mwalimu, mrudishe Jenerali! Sema maji yalimtupa ufukweni."

Mkwe akanitazama. "Dadu halina mjomba," akasema, lakini kwa kunong'ona, kama anaomba nimkatalie.

"Sitaki kufufuliwa," nikasema. "Nitaingia kwa jina langu mwenyewe."

Yule mzee bado yuko hai, anacheza, anakohoa. Sijamsamehe, na hajaniomba tena. Aliomba mara moja, mlangoni, wakati tunaondoka, akisema na mlimao ulioko uani. "Mlimao," akasema, "mwambie nimekosa." Mlimao haukunijibu chochote nami sikuujibu. Jina lake nililitaja mara ile moja. Lile neno la jikoni pia bado naliruka, kama mlivyoona, kwa sababu mdomo uliozoea miaka hamsini na miwili haubadiliki kwa siku moja, na sitaki mtu afikiri naruka kwa ajili yake.

Kengele iko kwangu Uyole, kwenye dirisha la jiko. Bila kengele mchezo haufunguliwi, hiyo ni sheria yake mwenyewe, na sheria zake hazibadilishi. Jumapili saa tisa wote wanne wako kwenye simu, na yeye ni mmoja wao, wananingoja. Kuna Jumapili nawaacha wangoje mpaka nimalize maharage. Nikisikia anakohoa mara mbili, halafu ile ya kuuliza, ndipo naifuta mikono kwenye kanga na kuipiga kengele.

Anayetaka kujificha ajifiche.